Chafya Mbele ya Bibi wa Jiwe

Jumamosi ile nilitoka nyumbani ili mume wangu alale. Kwa mwalimu wa shule ya jioni nilisema naipenda historia, na kweli naipenda, lakini hata kama safari ya darasa ingekuwa ya kwenda kutazama ukuta mtupu, ningekwenda. Gerishon alikuwa ametoka kupakia mizigo ya ndege usiku kucha, na makao yetu pale Malton, huku ughaibuni karibu na uwanja wa ndege, chini ya nyumba ya watu, ni chumba kimoja. Mtoto akilia, analia masikioni mwa baba yake. Na mtoto wetu alikuwa analia.

"Mpeleke hata kwa Malkia," Gerishon alisema, blanketi limemfunika kichwa. "Mradi nilale."

Mtoto tulimwita Jepchirchir kwa sababu alikuja mbio. Alizaliwa ndani ya lifti ya hospitali, kati ya ghorofa na ghorofa, na nesi aliyempokea alilazimika kwanza kuweka chini kikombe chake cha kahawa. Lakini hilo ni jina la kuzaliwa tu. Lile lingine, la ndani, hakuwa nalo. Kwetu Nandi mtoto akizaliwa, wanawake wazima humzunguka wakiyataja majina ya wanawake wa ukoo waliokwisha kufa, mmoja mmoja, polepole, mpaka mtoto apige chafya. Yule aliyetajwa chafya ilipotoka, ndiye aliyerudi. Watu hushangilia, mtoto hupewa jina lake, kazi imekwisha. Sasa Malton nitawatoa wapi wanawake wazima wa Nandi?

Mama mkwe alijaribu kwa simu. Kila Jumapili akitoka kanisani hupita dukani kwa Silvanus, Kapsabet, kwenye simu, na sisi humpigia hapo. Nilimwekea mtoto simu sikioni, nikawa naisikia sauti ya mama mkwe ikitoka kama ya mdudu aliyefungiwa ndani ya kopo: "Tabutany! Tabutany!" Huyo ndiye nyanya aliyemlea Gerishon. Mtoto alisikiliza kwa makini kabisa, kisha akacheua maziwa juu ya simu.

"Amefanyaje?" mama mkwe akauliza.

"Ametapika, Mama."

"Hiyo si chafya."

"Si chafya, Mama."

"Basi ndiyo sababu halali. Anayekuja amesimama mlangoni na hamjamwita."

Gerishon alicheka. "Malton hakuna mizimu," alisema. "Kuna ndege tu."

Mimi sikucheka. Mama yangu alifariki nikiwa na mimba kubwa, daktari akanikataza kupanda ndege. Alizikwa mimi nikiwa huku, nimesimama jikoni nikikoroga uji ambao hakuna aliyekuja kuunywa. Jina lake la ndani lilikuwa Tabsabei. Tangu mtoto azaliwe nilikuwa nikimtazama usoni, kwenye vidole, kwenye namna ya kukunja paji la uso, namtafuta mtu. Lakini hilo huwezi kumwambia mama mkwe. Ukoo wa baba ndio unaotangulia kuitwa. Wa mama hungoja zamu, na mara nyingi hungoja bure.

Basi nikamfunga mgongoni, nikavaa koti kubwa la Gerishon juu yetu sote wawili, nikashika basi. Alilia kutoka Malton mpaka stesheni ya Kipling. Kwenye treni ya chini ya ardhi alinyamaza kidogo, nami nikasinzia, kisha akakumbuka na kuanza upya. Mzee mmoja aliyekaa mbele yangu alihama kiti. Sikumlaumu. Ningeweza, hata mimi ningehama.

Mlangoni pa kanisa tulilopangiwa kulitembelea nilikuta wenzangu wawili wa safu ya nyuma. Darasani kwetu, shule ya jioni, sisi watatu ndio tunaozungumza Kiswahili, na mwalimu ametuachia safu hiyo kama kijiji chetu. Mama Jemimah ni wa Eldoret, Mnandi mwenzangu, anafanya kazi ya kutunza wazee. Asubuhi ile alikuwa ametoka zamu ya usiku na viatu vyake vyeupe bado viko miguuni, vimeingia chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu. Bi Gulnar ni wa Tanga, anakaa Thornhill, na mwanawe ndiye humleta kwa gari na kumchukua.

"Wewe mtoto wewe," Bi Gulnar akasema, akimfunua uso Jepchirchir. "Mama yako yuko hoi, nawe huoni haya?"

"Hajalala tangu Jumanne," nikasema.

"Nani, yeye au wewe?"

"Sisi sote."

"Macho yako kama ya bundi aliyefiwa," Mama Jemimah akasema. "Leta hapa nimbebe."

"Na wewe umetoka kazini, Mama."

"Mimi nimezoea kulia kwa watu wazima. Huyu ni mdogo."

Kanisa lenyewe lilikuwa katikati ya mji, limebanwa na maghorofa ya ofisi. Ukiingia, upande wa kushoto kuna kanisa dogo zaidi ndani ya lile kubwa, na hilo ndilo tulilokwenda kuliona. Tajiri mmoja wa zamani, kazi yake ngano, alilinunua Uingereza likiwa linabomoka, akalifungua jiwe kwa jiwe, kila jiwe likapigwa namba, likasafirishwa kwa meli na kujengwa upya hapa. Aliyetueleza hayo alikuwa bibi mmoja mzee wa kizungu mwenye sweta ya kijani, anayejitolea siku za Jumamosi. Alizungumza kwa sauti ndogo, na kabla ya yote alituomba jambo moja: tusiyaguse mawe. Mafuta ya mikono huyala, alisema, na yameshavumilia vya kutosha.

Nilikuwa nimechoka kiasi kwamba maneno yake yalinifikia yamechelewa. Ila nilipoyaona makaburi, usingizi ulinitoka.

Yalikuwa mawili, yameinuliwa kama vitanda, na juu ya kila kitanda amelala mtu wa jiwe. La kwanza lilikuwa la askari mwenye mavazi ya chuma, pua imekatika, simba mdogo amejikunja miguuni pake kama paka. La pili lilikuwa la mke wake. Fundi aliyemchonga alikuwa na subira ya ajabu: marinda ya gauni yalianguka ubavuni utadhani ni kitambaa, hata mshono wa shingoni ulionekana. Mikono ameikutanisha kifuani. Ubavuni mwake, palipo na nafasi kidogo tu, amelazwa mtoto mchanga, amefungwa vitambaa toka miguuni hadi shingoni, uso mdogo mwembamba kama ndizi changa.

"Walikufa siku moja," yule bibi akasema. "Wakati wa kuzaa."

Nikauliza mtoto aliitwa nani.

"Hakuandikwa," akanijibu kwa upole. "Hakuwahi kubatizwa, kwa hiyo hakuwa na jina la kuandika. Tumetafuta sana. Jina lililopo ni la mama peke yake."

Nilimtazama yule mtoto wa jiwe. Miaka mia sita amelala pale, amechongwa hadi kope, watu wanampita, na hakuna wa kumwita chochote. Nikageuka nikamtazama wangu begani kwa Mama Jemimah, uso umevimba kwa kulia, amepumzika kidogo kupata pumzi.

Yule bibi akainamia maandishi ya ukingoni, akayasoma kwanza kwa Kilatini, halafu kwa lugha ya kueleweka, kwa sauti iliyo wazi:

"Hapa amelala Bibi Ermengarda."

Mtoto akapiga chafya.

"Mungu akubariki!" akasema yule bibi wa kizungu, kama desturi yao.

"Alhamdulillahi," akasema Bi Gulnar, kama desturi yao.

Mama Jemimah alimsogeza mtoto mbali na kifua chake, akamtazama, akanitazama mimi. "Chelagat," akasema, "ni nani ametajwa hapo?"

Darasa zima lilikuwa limeshaanza kusogea kuelekea madirisha ya vioo vya rangi, mwalimu mbele, yule bibi akieleza jambo jingine. Sisi watatu tukabaki.

"Jamani, ni vumbi," nikasema.

"Vumbi lilikuwepo tangu tumeingia. Kwa nini hakupiga chafya kwa yule askari?"

"Askari ni mwanamume!" Bi Gulnar akasema. "Lakini niambieni nami, kumetokea nini? Mbona nyuso zimebadilika kama mmeona deni?"

Tukamweleza. Alisikiliza, mkono mdomoni, na tulipofika kwenye chafya mabega yalianza kumtikisika.

"Kwa hiyo," akasema, "mjukuu wa Nandi amerudiwa na Mwingereza?"

"Usicheke, Bi Gulnar."

"Sicheki, mwanangu. Namwonea huruma Mwingereza. Kulala kwake kote kule, aje aamkie Malton?"

Hapo na mimi nikacheka, na kicheko kikageuka njiani kikawa kilio. Nilikaa kwenye benchi la mbao lililokuwa ukutani. Nilikuwa nimechoka mpaka kwenye mifupa ya uso. Niliwaambia yote: simu ya dukani kwa Silvanus, Tabutany, uji niliokoroga siku ya maziko. Niliwaambia kwamba namtaka mama yangu. Sikuwa nimelisema hilo kwa sauti mbele ya mtu yeyote, hata Gerishon.

Mama Jemimah akaketi kando yangu, mtoto magotini. Akavuta kamasi, kwa sababu baridi ya mle ndani ilikuwa ya jiwe kweli.

"Haya, tuseme ukweli," akasema. "Mimi mambo haya naamini nusu. Nusu nyingine imechoka. Lakini mtoto ametajiwa mtu na mwanamke mzima, akajibu. Hatutoki naye mlangoni hivi hivi. Lazima tumwite vizuri, hapa hapa, jina la kwetu lifunike hilo."

"Wanatakiwa wanawake wengi, Mama."

"Tupo."

"Mimi si Mnandi," Bi Gulnar akasema.

"Umezaa?"

"Wanne. Nimewasomesha hadi digrii, ndipo nikaja kusoma mimi."

"Unatosha na unazidi."

Kisha Mama Jemimah akaniinamia na kushusha sauti, ingawa hakukuwa na wa kutusikia. "Na kuna jambo jingine, kwa sababu naona hakuna aliyekuambia. Unajua mimi nilivyopata langu?"

"Ulipiga chafya."

"Nilipiga chafya kwa sababu nyanya yangu alikuwa na ugoro kwenye kidole. Alitaja watu, alitaja, mimi nimetulia tu, akafika kwa dada yake aliyempenda. Hapo kidole kikapita puani. Chafya! Vigelegele! Kila mtu mle ndani aliona na hakuna aliyeona."

Nilimkodolea macho. "Wote hufanya hivyo?"

"Si wote. Lakini kina nyanya wana vidole, Chelagat. Unadhani marehemu hutembea njia yote hiyo peke yake? Kuna mtu humshika mkono."

Aliinuka na mtoto begani, akaenda hadi kwa Bibi Ermengarda, akatazama kushoto na kulia. Kisha akapitisha kidole kimoja taratibu ndani ya marinda ya lile gauni la jiwe, mahali ambapo ufagio haufiki. Kidole kilirudi na kofia ya vumbi la kijivu.

"Tumeambiwa tusiguse," nikanong'ona.

"Sina mafuta mkononi. Nimeosha wazee usiku kucha, mikono yangu imekauka kama karatasi." Akarudi akaketi. "Sasa sema. Nikifika kwa nani?"

Hapo ndipo nilipokwama. Ningesema Tabutany na mama mkwe angeshangilia mpaka duka la Silvanus litikisike, na Gerishon angepata nyanya yake. Ningesema Tabsabei na ningepata mama yangu, lakini kwa kidole. Nilimtazama mtoto wa jiwe. Yeye hakupata hata mtu wa kumfanyia hila.

"Ita wa kwao kwanza," nikasema. "Wote. Bila kidole. Yeyote akitaka, aje."

"Na wakinyamaza?"

"Wakinyamaza, mama yangu."

"Kwa kidole?"

"Kwa kidole."

Bi Gulnar alivuta mtandio wake mbele kama mtu anayekwenda kazini. Nikawapa majina, yale mama mkwe aliyokuwa akiyataja kwenye simu, nasi tukaanza. Mama Jemimah alitaja, Bi Gulnar akarudia kwa matamshi ya Tanga, akiyaviringisha mdomoni kama halua ya moto. Tapkigen. Kimya. Taprandich. Mtoto alipiga miayo. Tabutany. Hilo Mama Jemimah alilitaja tena na tena, kwa haki kabisa, kwa sauti ya kumbembeleza mgeni aingie, na kidole cha vumbi amekificha nyuma ya mgongo. Kama angekuja ningempokea, nilijiambia hivyo. Mtoto alikuwa akitazama dari.

Mama Jemimah akanitazama. Nikaitikia kwa kichwa.

"Tabsabei," akasema. Bi Gulnar akarudia, "Tabsabei." Mara ya pili kidole kilitoka nyuma kikapita chini ya pua ndogo, haraka, kama mtu anayefuta chozi.

Chafya ilikuwa kubwa kuliko mtoto mwenyewe. Kichwa kilirushwa nyuma, mikono ikafunguka. Mama Jemimah akasahau yuko wapi akapiga kigelegele, na dari ya mawe ikakipokea na kukirudisha mara tatu.

"Mungu akubariki!" sauti ikatoka mlangoni. Yule bibi wa sweta ya kijani alikuwa amesimama pale, sijui tangu lini. Alimtazama mtoto, akatutazama sisi, akatazama kidole cha Mama Jemimah, ambacho sasa kilikuwa kikifutwa kwenye sketi. "Leo amebarikiwa mara mbili," akasema. Halafu, kwa upole uleule, "Kuna chai kule nyuma, mkimaliza." Akaondoka.

Chai sikuinywa. Mtoto aliwekwa mikononi mwangu, akanitazama, akakunja paji la uso, akalala. Sikuamini. Nilingoja aamke. Hakuamka kwenye ngazi, hakuamka upepo ulipotupiga mlangoni, wala kwenye treni, wala basi lilipokuwa likiruka mashimo kuelekea Malton na ndege zikishuka juu yetu moja baada ya nyingine. Nami nililala nimekaa, nikapitiliza kituo changu, nikarudi kwa miguu kwenye theluji iliyoyeyuka. Sikujali.

Gerishon nilimwambia usiku huo akijiandaa kwenda kazini. Alifunga kamba za buti polepole. "Si Nyanya Tabutany?" akauliza.

"Tulimwita. Sana. Hakutaka."

Akafikiri. "Nyanya hakupenda baridi," akasema mwishowe, akambusu mtoto kwenye kisogo, akatoka.

Kumpigia mama mkwe ndiko kulikonitisha. Jumapili niliweka simu sikioni nikiwa nimesimama, kama niko mbele ya mwalimu mkuu.

"Amepiga?" akauliza kabla ya salamu.

"Amepiga, Mama."

"Asante Yesu! Kwa nani?"

"Tuliwaita wa kwenu wote, Mama. Mmoja mmoja. Hakujibu." Nilifunga macho. "Amejibu kwa Tabsabei. Mama yangu."

Nilisikia duka la Silvanus nyuma yake, mtu akiuliza chumvi, mlango ukilia.

"Chelagat."

"Mama."

"Nani alishika ugoro?"

"Mama mmoja wa Eldoret," nikasema. "Lakini haukuwa ugoro. Lilikuwa vumbi la kanisani."

Sauti iliyofuata sikuitambua mwanzoni. Mama mkwe alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akakohoa. "Vumbi la kanisani!" akasema. "Mimi ugoro wangu nimeufunga kwenye kitambaa tangu mlipoandika kwamba una mimba. Nilikuwa nawangoja mje Desemba." Akavuta pumzi, na aliposema tena kicheko kilikuwa kimemtoka. "Hukumzika, mwanangu. Mimi nilikwenda. Nilisimama pale nikasema, huyu, mtoto wake aliye mbali atampokea wapi. Haya. Mwekee simu sikioni."

Nilimwinamia pale kitandani alipokuwa amelala bado, mikono imetupwa juu ya kichwa. Nikamwekea.

"Tabsabei," ile sauti ndogo ya ndani ya kopo ikaita, kwa adabu yote, kama mtu anayebisha hodi kwa mwenzake. "Mkwe mwenzangu. Umefika salama? Huko ni baridi sana?"

Mtoto alikunja paji la uso, akageuza kichwa upande wa pili, akaendelea kulala. Nami nikapanda kitandani na viatu vyangu, nikalala kando yake, simu kati yetu, mama mkwe bado akiuliza habari za safari.